BMX Iliyochukuliwa Msibani

Mwaka 1946 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mvua haikunyesha kwetu Ugogo, ng'ombe wa baba wakafa, kisha baba mwenyewe akafuata. Mama alinipa bakuli la bati akanipeleka stesheni, akaniambia nikae pale treni inaposimama na ninyooshe mkono. Nilikaa. Njaa iliniuma na aibu iliniuma, na mpaka leo sijui ipi ilizidi. Mwisho nikapanda behewa la mizigo bila kuaga, nikashuka Morogoro na bakuli mkononi. Mhindi mmoja fundi baiskeli akanipa kazi ya kujaza upepo. Lile bakuli tukalitia maji, likawa la kutafutia pancha. Tangu hapo sijamwomba mtu kitu. Shule nimesoma ukubwani, miaka miwili, ya jioni. Mengine yote nimeyapata kwa spana.

Naanza na hayo ili mjue ni nani anayesimulia. Ninyi wa kijiweni mliniona naondoka Kihonda na baiskeli ya mtoto begani, mkaniona narudi bila baiskeli, nacheka peke yangu. Kila anayekuja kujaza upepo ananiuliza kulikoni. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mwandiko huu ni wa binti yangu, maneno ni yangu, na nimemkataza asiyarembe.

Kihonda, ukutani

Ile BMX mnaijua. Ya buluu, nimeitundika juu ya mlango wa kibanda. Niliinunua Turiani nilipokwenda kufuata mchele, kwa mwanamke aliyekuwa anauza vyuma chakavu nje ya nyumba yake. Kila aliyeniuliza nilimwambia hii ni ya enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa, imeingia na makontena. Nilikuwa na uhakika. Kabla ya ruksa hata sabuni tuliipangia foleni. Tairi lilikuwa la kibali, na spoki tulikuwa tunanyoosha zilizopinda kwa nyundo. Mtoto gani wa nchi hii angepata BMX? Zilikuja milango ilipofunguliwa, pamoja na redio za kaseti na suruali za mitumba.

Siku hiyo alikuja mzee mmoja, rika langu, mkulima wa Mgeta aliyekuwa ameteremsha kabichi sokoni. Jina lake Pius. Alileta mpira wake wa ndani nimzibie pancha. Akainua macho ukutani na hakuyateremsha tena. Akaniuliza ile baiskeli ina umri gani. Nikamwambia miaka miwili, mitatu ikizidi.

"Ile ni ya mwanangu," akasema.

Nikacheka. Pale kwenye benchi nimeshaambiwa uongo wa kila namna. Nikamwambia mzee mwenzangu, kama ni ya mwanao mwambie aje mwenyewe tuongee.

"Alikufa."

Hakubishana nami. Alinieleza tu, taratibu, kwamba chini ya buluu kuna nyekundu. Kwamba nikiipindua, chini ya bomba la pedeli, nitakuta kiraka cha shaba ukubwa wa kidole gumba, kwa sababu mtoto aliruka nayo kutoka tuta la juu la shamba hadi la chini fremu ikapasuka, na fundi wa misheni akaichomelea. Niliona haya kukataa mbele za watu. Nikaiteremsha. Nikapiga msasa: nyekundu. Nikaipindua: kiraka kipo, saizi ya gumba.

Mimi ni mbishi. Nikasema shaba inaweza kuwa kwenye baiskeli yoyote, ngoja tumuulize mwenyewe. Nikafuta grisi kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma. Yule Mhindi wangu alinifundisha kwamba habu za Mwingereza huwa zimegongwa namba tumboni, za mwaka na za mwezi. Habu hii sikuwahi kuiangalia kwa sababu nilijiona najua kila kitu. Ilikuwa imegongwa 82. Baada ya hapo na mengine yakaanza kujitokeza. Breki yake ni ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na mhimili wa pedeli ni chuma kimoja kilichopindwa. Zile za kontena ni nyepesi, zina breki za mkono, na mhimili wake umeungwa kwa vipande. Chombo hiki kilitengenezwa Uingereza wakati sisi tunapanga foleni ya sabuni, nami mwaka mzima nawaambia watu ni cha juzi.

Sasa kilifikaje Mgeta? Pius akaeleza. Kulikuwa na Mzungu wa mradi wa maji aliyekaa kule milimani na mke na mtoto, na mtoto ndiye aliyekuja na baiskeli. Walipoondoka, yule mtoto akamwachia rafiki yake wa kucheza naye, Kalisti, mwana wa Pius. Kalisti akaiendesha kwa muda mfupi tu. Mwaka wa themanini na tano akapata homa, akafa akiwa darasa la nne.

Msibani wakaja watani. Wenzangu mnaotoka mbali, mtani kule kazi yake si kulia. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa hata kama hawataki. Anachukua kitu cha marehemu, anakimbia nacho, ndugu wanamfuata, wanamtukana, anawatukana, halafu wanakikomboa kwa kuku au kwa chochote. Kikisharudi, watu wamecheka na msiba umelegea. Mtani mmoja, Mnyamwezi aliyekuwa anachimba mitaro ya mabomba ya ule mradi, akaichukua BMX. Anaitwa Maganga. Akaondoka nayo, hakurudi.

"Mama yake hajaondoa tanga hadi leo," Pius akasema. Binti yao wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya mavuno ya njegere, na mama alikuwa ameapa hatakaa kwenye sherehe. Alisema nyumba yenye tanga la kaka haimtoi dada.

Nikachukua baiskeli nikamwekea mikononi. Chukua, nikamwambia, sikudai kitu. Akaweka mikono nyuma.

"Siwezi kuipokea mimi. Mlete aliyeichukua."

Akachukua mpira wake akaenda zake. Nilidhani ni kiburi, na kiburi nakijua, ninacho. Lakini sikuweza kuirudisha ukutani. Sikukaa Kihonda miaka yote hii nije nionekane natundika vitu vya msiba. Na kusema kweli, yule mama nilikuwa sijamwona, lakini nilianza kumfikiria.

Kihonda mpaka Dumila

Nilipata lori la magunia matupu lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga Turiani, nikamuulize yule aliyeniuzia. Dereva alikuwa kijana wa Bigwa, mpole, akanipa nafasi mbele naye, na baiskeli tukaifunga juu. Kabla ya Dakawa gurudumu la nyuma likapasuka. Utingo alikuwa anahangaika na jeki mbovu. Nikashuka nikawaonyesha jinsi ya kuegemeza kwa gogo, tukamaliza. Dereva akakataa nauli yangu. Nikamwambia mimi silipiwi na mtu. Akasema, "Shikamoo mzee, basi na mimi sitengenezewi gari na mtu bure." Nikarudisha pesa mfukoni. Hilo halinitokei mara nyingi.

Dumila tulikaa sana. Dereva alikuwa na mizigo ya watu ya kushusha, na mwenye mizigo alikuwa hayupo, na aliyejua alipo naye hakuwepo. Nikakaa kando ya barabara nikala mahindi ya kuchoma na BMX imeegemea goti langu. Mfanyabiashara wa vitunguu akaja akaniuliza bei. Nikamwambia haiuzwi. Akaelewa kwamba nataka bei kubwa. Akapanda. Nikamwambia tena haiuzwi. Akapanda tena, sasa kwa hasira, akasema wazee wa mjini tumeharibika kwa ruksa, kila mtu mlanguzi. Watu wakakusanyika kusikiliza. Ikabidi niseme kweli: hii ni ya marehemu mtoto, naipeleka kukombolewa.

Yule bwana akaenda kwenye meza yake akarudi na vitunguu kwenye kifuko, akaniwekea miguuni, akasema ni vya huko msibani. Nilitaka kuvikataa. Lakini havikuwa vyangu hata nivikatae.

Magole mpaka Turiani

Kutoka Magole barabara ilikuwa tope. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na lori likazama mpaka ekseli. Tulisukuma. Tulikata matawi tukatandika. Likatoka, likazama tena mbele kidogo, kama vile lilikuwa limepapenda. Mwisho dereva akasema tungoje trekta la kuvuta miwa.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya mjane mmoja mkulima wa mpunga. Aliniona na ile baiskeli akadhani nampelekea mjukuu zawadi. Akatuombea dua ndefu, mimi na mjukuu wangu, Mungu amkuze, Mungu ampe elimu. Mimi nasema amina. Ningemwambiaje? Akapika wali wa mpunga mpya, ule unaonukia hadi barabarani, na kambale wa kukaanga. Tukala watatu, mimi, dereva na utingo, na akatutandikia mkeka.

Asubuhi nikaona mlango wake wa uani umelegea bawaba. Nikautengeneza kabla hajaamka. Nilitaka tusidaiane. Alipotoka akaufungua na kuufunga mara kadhaa, akafurahi, halafu akanifungashia wali wa njiani. Nikaona kwamba kwa mama huyu siwezi kushinda, nikapokea.

Madizini

Trekta lilituvuta, tukafika Turiani, nikashuka Madizini karibu na kiwanda cha sukari. Nyumba ya yule mwanamke aliyeniuzia niliikumbuka. Nilipoikaribia nikaona jambo ambalo siku ya kununua sikuliona: mlango wake ulikuwa wa buluu ile ile ya baiskeli. Alimalizia rangi ya mlango kwenye fremu. Nami fundi wa miaka arobaini nikadanganywa na mabaki ya kopo.

Aliponiona na BMX, yule mwanamke, Mama Zaina, alipandisha sauti kabla sijasalimia. Akasema bidhaa ikishauzwa imeuzwa, kama ina kasoro nimeiharibu mwenyewe, na hana pesa ya kurudisha. Nikamwambia sitaki pesa. Akasema basi ni polisi. Majirani wakatoka. Nikamwambia mama, namtafuta mtu anaitwa Maganga, Mnyamwezi, aliyewahi kuchimba mitaro Mgeta.

Akanishika mkono akanivutia pembeni. "Ni mume wangu," akanong'ona. "Tafadhali baba, usimwambie niliuza. Yeye anajua iliibiwa."

Miguu ilikuwa imemlaza mumewe hospitali, ndani hakuna kitu, na ile baiskeli ilikuwa inaning'inia darini miaka nenda rudi, haendeshi mtu, haguswi. Akaiuza. Mume aliporudi aliumia kuliko mkewe alivyotegemea, mke akaogopa kusema. Nikamwambia hayo ni ya kwenu. Lakini hatukupata muda wa kupanga uongo, kwa sababu Maganga alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, anaangalia BMX.

Alikuwa mzee mrefu, mifupa mitupu. Aliangalia ile sehemu niliyopiga msasa. Akaangalia mlango wake. Akamwangalia mkewe. Nikangoja matusi. Akasema tu, "Kumbe mwizi ana rangi kama yetu." Mama Zaina akaingia ndani akafunika uso kwa kanga, na baadaye nikamsikia anacheka jikoni kwa aibu.

Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kabila. Nikamtajia. Mnyamwezi ana utani na nusu ya nchi hii, na hakupoteza nafasi. Akaniuliza, Mgogo gani huyu anasafiri bila bakuli, leo ataombea kofia? Nikamwambia mimi sijaomba tangu enzi za mkoloni. Nilisema kwa ukali, maana pale palinichoma. Yeye akacheka tu, akaniletea kigoda.

Nilipomweleza habari ya Pius na yule mama, kicheko kikaisha. Mimi nilikwenda pale nikimhesabu ni mwizi wa msibani. Alichonieleza ni hiki, nami nakisimulia alivyokisema.

"Nilikwenda polepole makusudi," alisema. "Nilivaa kaptura ya shule ya mtoto kichwani, nikapanda kibaiskeli kile, nikazunguka kaburi, watu wakacheka. Mama hakucheka. Nikasema nitoke nayo, watanifuata. Nikateremka nayo mlima naikokota, nasimama kila kona. Nikakaa pale darajani mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuna aliyekuja. Mtani hawezi kurudisha kitu bila kukombolewa, ningekuwa nimewaambia marehemu wao hana thamani hata ya kuku. Nikangoja wanitafute. Mradi ukaisha, nikaja huku kwenye miwa. Nikaitundika. Nangoja mpaka leo."

Nikamuuliza kwa nini hawakumfuata. Akasema hajui, na kwamba hilo ndilo lililomkondesha, si miwa.

Tulikula wali na mchicha kwake. Vitunguu vya Dumila sikuvitoa. Asubuhi Maganga alikuwa ameshavaa koti. Mkewe akamuuliza na hiyo miguu atapandaje Mgeta. Akasema atapanda kwa miguu ya Mgogo.

Kurudi, na kupanda

Kurudi Morogoro hakukuwa na matata, barabara ilikuwa imekauka. Pale kibandani niliitoa buluu yote kwa msasa, Maganga akiwa kwenye benchi yenu anawatukana mmoja mmoja, mliokuwepo mnajua. Nikaweka mipira mipya, nikaipaka habu grisi. Nyekundu ya chini niliiacha ilivyo, na mikwaruzo yake. Mikwaruzo ile ilikuwa ya mtoto.

Siku ya gulio tukapata gari linalopanda kufuata mboga, kupitia Mzumbe na Mlali. Baada ya Mlali barabara inaanza kujikunja na hewa inabadilika. Maganga alikuwa anatambua kila kona. Hapa walizika bomba. Hapa mwenzao aling'atwa na nyoka akapona. Tulipovuka daraja moja dogo la magogo akageuka kulitazama mpaka likapotea, nikajua ndilo lile.

Gari liliishia Nyandira. Kijiji cha akina Pius kiko juu zaidi, gari halifiki. Miguu ya Maganga ilikubali mwanzo, kisha ikagoma. Nikamwambia kalia kiti cha BMX, mimi nasukuma. Akakaa. Fikirieni: kibaiskeli cha mtoto wa darasa la nne, juu yake Mnyamwezi mrefu ameshika usukani, nyuma yake mimi nasukuma mgongo wake, kwenye njia ya mbuzi, matuta ya kabichi kushoto na bonde kulia. Wanawake waliokuwa wanateremka na vikapu vya njegere kichwani walisimama wakacheka mpaka wakashika vikapu kwa mikono miwili. Maganga akawatukana wao na mboga zao. Wakamjibu. Mmoja, mtu mzima, akamtazama sana, akaacha kucheka. Akaweka kikapu chini, akageuka, akapanda mlima mbio kutuzidi.

Uani kwa Mama Agatha

Kwa hiyo tulipofika walikuwa wanatungoja. Pius alikuwepo. Mke wake, Mama Agatha, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, na kaniki nyeusi iliyopauka, anamenya njegere. Hakusimama. Binti anayengojwa na bwana harusi alikuwa mlangoni. Na kulikuwa na mzee mwingine, mwenye koti la mvua, ambaye sikumjua.

Hapa nilifanya kosa langu. Kwetu Ugogo mtoto ni wa baba. Baba akifiwa ndiye anayepewa mkono, ndiye anayepokea kila kitu. Nikachukua baiskeli, nikapita mbele ya wote, nikaiegemeza mbele ya Pius, nikasema mzee mwenzangu, pokea mali ya mwanao, na msiba uishe.

Hakuna aliyetikisika. Pius aliangalia chini. Yule mzee wa koti la mvua akakohoa. Mama Agatha akaendelea kumenya njegere, lakini mikono yake ilikuwa inazimwaga nje ya ungo.

Maganga ndiye aliyeniokoa. Alikuja na fimbo yake akaninyang'anya baiskeli, akanitukana mbele ya watu kwamba Mgogo hajui mali wala mwenye mali, kwamba amekaa na spana mpaka kichwa kimekuwa nati. Akairudisha nyuma, mbali, mpaka mwisho wa ua, akaipanda. Halafu akapaza sauti kwamba yeye ana kitu cha ukoo huu, na anataka kujua mwenye ukoo yuko wapi, au wote walishakufa kwa kula kabichi.

Yule mzee wa koti la mvua akasimama. Alikuwa Antoni, kaka yake Mama Agatha. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kwa pamoja. Kule Uluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama. Pius pale ni mkwe, amejenga kwenye ardhi ya mkewe, hana mdomo kwenye jambo kama lile. Wa kumkomboa Kalisti alikuwa mjomba, na siku ya mazishi mjomba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge Tanga, habari ilimfikia baadaye. Pius hakuweza kumfuata mtani. Majirani walidhani mtu wa ukoo atamfuata. Aliporudi mjomba aliambiwa mtani amekwenda zake, akadhani amewadharau. Na Maganga amekaa darajani anangoja. Hakuna aliyekosa, na mama amebaki na kaniki miaka kumi.

Antoni akatoa jogoo. Maganga akamtazama yule jogoo akasema huyu naye ana tanga, mbona amekonda hivyo. Antoni akasema amekonda kwa kumsikiliza Mnyamwezi akipiga kelele. Watu wakaanza kuguna. Maganga akasema hataki jogoo, anataka mlima wote na mto wake. Antoni akasema mlima atapewa, aubebe kwa miguu ile ile aliyokuja nayo. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, na watu walikuwa wanaongezeka kwenye matuta ya juu, wanasikiliza. Maganga akaanza kuzunguka ua na kile kibaiskeli, magoti yanapanda mpaka usawa wa kidevu, usukani unayumba, anapita mbele ya Mama Agatha mara ya kwanza, mara ya pili.

Mara ya tatu mama akaweka ungo chini.

"Siku ile nilitaka kucheka," akasema. "Magoti yako yalikuwa yanakupiga masikio. Nilitaka kucheka, nikajiuliza mimi ni mama gani. Nikakuchukia wewe."

Maganga alisimamisha baiskeli kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume, kama inavyotakiwa. Akakaa juu yake, anahema.

"Cheka sasa basi, mtani," akasema. "Magoti yenyewe yanauma, sitaweza tena."

Mama akacheka. Kicheko kilianza kidogo, kama kikohozi, halafu kikamzidi nguvu, akashika tumbo, machozi yanatoka. Binti yake akaja akapiga magoti pembeni yake, naye anacheka, naye analia. Mjomba akamkabidhi Maganga jogoo. Maganga akashuka, akamkabidhi mjomba baiskeli. Mjomba akaipeleka kwa dada yake. Mama akaipindua, akapitisha kidole gumba juu ya kile kiraka cha shaba, akakiacha hapo.

Nilitoa vitunguu vya Dumila. Vikapikwa na yule yule jogoo, maana Maganga alisema hambebi jogoo mwenye tanga. Tulikula na magimbi na maharage, na baadaye matunda damu, yale mekundu kama nyanya, ya pale uani. Kesho yake asubuhi wanawake wa ukoo walimnyoa Mama Agatha nywele, wakamwogesha, wakamvua kaniki. Akatoka na kitenge cha njano. Pius alimtazama kama kijana anayechumbia. Sitasema zaidi, wako hai na watasomewa haya. Sherehe ya binti ilifanyika baada ya njegere, na mama alikaa mbele.

Tulipokuwa tunaaga, Mama Agatha alinifuata mimi. Akanipa njegere mbichi, zimejaa kwenye bakuli la bati la kijani. Nikamwambia nitatia njegere mfukoni, bakuli abaki nalo. Akasema bakuli pia. Akalinyoosha kwa mikono miwili, na mimi nikasimama pale, mzee wa miaka karibu sitini. Nikanyoosha mikono yangu miwili nikapokea.

Maganga alicheka kuanzia pale mpaka Nyandira. Alikuwa ananishika bega ili ateremke, na kila akipata pumzi anasema Mgogo amepata bakuli, Mgogo amerudi kazini. Kwenye lile daraja la magogo nikaanza kucheka na mimi. Ndicho kicheko mlichokiona nimerudi nacho.

Nilicho nacho

Nyumba ya tofali za kuchoma Kihonda, vyumba vinne, bati zima. Kibanda kimoja na benchi yenu. Spana seti mbili, pampu tatu, moja mbovu. Shamba la mahindi Mkundi. Mke mmoja, watoto watano, binti mmoja anayejua kuandika. Mtani mmoja Madizini, ambaye mkewe amekuja kunitembelea na kopo la buluu niupake mlango wangu. Nimeupaka.

Na bakuli moja la bati, la kijani. Liko chini ya benchi, lina maji, ukija na pancha utaliona.